Hiyo Ni Rangi, Si Damu

Chepsaita,
Jumanne, 8 Julai 2025

Kwa Nanzala, mjane wa ndugu yangu Lusweti,

Salamu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu umeifungia namba yangu tangu siku ile ujumbe wako wa sauti ulipofika kwenye grupu ya familia. Ulisema anayekutaka akuandikie, na aweke jina lake chini. Basi jina langu liko chini.

Naandika kwa niaba ya ukoo. Jumamosi iliyopita, ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilipokwisha, uliondoka bila kuaga ukaacha kwenye kiti cha Lusweti lile blanketi la viraka ulilolishona kwa nguo zake. Kwa desturi yetu nguo hizo zilitakiwa zigawiwe ndugu zake baada ya mazishi, kila mmoja apate hata kama ni shati moja. Wewe hukugawa. Ulichukua mkasi. Tulinyamaza.

Sasa kuna jambo. Blanketi lilifuliwa jana, likatoa damu. Wekundu umeingia kwenye kile kipande cha shati lake jeupe la kanisani, upande wa kushoto, pale pa moyo. Baba mdogo, Mzee Mabonga, alipoliona kwenye kamba alivua kofia. Anasema marehemu hana mdomo tena, kwa hivyo amesema kwa nguo, na kwamba kifo chake kina mwenyewe.

Wazee watakaa hapa nyumbani Jumamosi tarehe 19, saa nne asubuhi. Unatakiwa uje ueleze Lusweti alikufaje mikononi mwako, na kwa nini ulikataa aletwe nyumbani alipozidiwa hospitalini. Wakishakusikia, blanketi litachomwa, kisha wataamua kama wewe bado ni mtu wa boma hili.

Ni mimi,
Brigid, dada yake mkubwa


Langas, Eldoret,
Jumatano, 9 Julai 2025

Kwa Brigid, mulamwa na wifi yangu, senge na shangazi wa watoto wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana hasira haikuniruhusu kukaa. Shitanda muuza maziwa, aliyeileta kutoka huko kwenu, amengoja mlangoni hadi akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia hapana, kuna watu wanataka kumuua tena aliyekwisha kufa.

Hiyo ni rangi. Si damu. Damu ikikauka inageuka kahawia, na kila mwanamke aliyewahi kufua shuka anajua hivyo. Muulize Mzee Mabonga tangu lini damu ya mtu aliyezikwa mwaka jana ikabaki nyekundu.

Mmemsahau huyo mnayemsemea. Lusweti alipika rangi kwenye kiwanda cha nguo hapa Eldoret miaka kumi na tisa. Alikuwa akirudi nyumbani Jumatatu na mikono ya kijani, Alhamisi na mikono ya zambarau, akitaka kushika ugali nayo. Angewasikia leo mkiita rangi damu, angecheka hadi kifua kimuume upya. Yote ninayojua kuhusu rangi nimefundishwa na yeye.

Umeandika "lilifuliwa". Lilifuliwa na nani? Nguo haijifui. Ilikuwa maji ya moto au baridi? Beseni gani? Liliachwa majini kwa muda gani? Kama bado lina unyevu, lisikauke, liloweke tena leo leo. Na pasi isiliguse kabisa. Rangi iliyokimbia ikikauka mahali ilipokwenda, kuitoa ni kazi, na ukiipiga pasi umeitandikia kitanda.

Kuhusu hospitali: nilikaa kando ya kile kitanda siku kumi na moja. Alikataa mwenyewe kuletwa nyumbani, alisema hataki kufia barabarani. Nimelisema hilo mara tatu, hii ni ya nne, na ya tano haipo. Kuhusu nguo: ndiyo, nilichukua mkasi. Mngegawana, ndugu yenu Khisa angepata shati, mwingine suruali, mwingine viatu. Kila mtu angepata kitu kimoja, na mimi nilimtaka Lusweti mzima.

Jumamosi msinitarajie. Na atakayeliwashia kiberiti ajue nitampeleka mbele ya watu ambao si wa ukoo.

Nanzala


Chepsaita,
Ijumaa, 11 Julai 2025

Nanzala,

Usinihoji kama polisi. Lilifuliwa na mikono ya humu nyumbani, na hiyo inatosha.

Beseni ni lile la bluu la kuoshea vyombo. Maji yalikuwa baridi, ya kwenye tangi. Liliachwa kutoka asubuhi hadi jioni. Wekundu ulipoonekana likatiwa chumvi vikombe viwili na siki, maana kila mtu anajua chumvi na siki hufunga rangi. Haikufunga. Likaanikwa, likakauka, likapigwa pasi. Barua yako ilifika mambo yameshakuwa hivyo, na maji yakimwagika hayazoleki.

Unasema ni rangi. Mbona basi ukilitandaza madoa mekundu ni manne, moja likiwa hapo pa moyo, yanayofanana kama yamepimwa kwa futi? Na kuna doa lingine, kubwa kama kiganja, kwenye ile dasikoti, koti lake jepesi la bluu la kazini. Hilo ni la kahawia. Wewe mwenyewe umesema damu ikikauka ni kahawia. Niliwasomea wazee barua yako, na Mzee Mabonga alipofika hapo akapiga goti lake kwa furaha, akasema, "Mnaona? Amejifunga na mdomo yake."

Amesema Jumamosi ataleta mafuta ya taa mwenyewe, lita mbili. Watu wa kanisa wameanza kuuliza. Njoo tu, Nanzala, useme pole mbele ya wazee yaishe, kuliko kuandika maneno makali ambayo mimi ndiye ninayeyasoma kwa sauti.

Brigid


Langas,
Jumamosi, 12 Julai 2025

Brigid,

Hii usiisome kwa sauti. Hii ni yako.

Nimekaa na barua yako asubuhi nzima, nimeacha hata cherehani. Sasa nikuambie kilichotokea kwenye nyumba yako bila mimi kuwepo.

Madoa manne yanayofanana maana yake blanketi lilikunjwa, likakunjwa tena, likashindiliwa kwenye beseni dogo, na kile kitambaa chekundu nilichokishona katikati kikakaa kimegusa nyeupe kila upande. Mtu anayefua blanketi hulitandaza kwenye maji mengi. Anayelikunja dogo hivyo analificha. Na kulipiga pasi likiwa na doa ni kazi ya mtu aliyeogopa, akitumaini litaonekana halijaguswa.

Doa la kahawia kwenye dasikoti ni chai ya maziwa. Linuse. Kama pasi haikuua harufu yote, utasikia tangawizi. Kwenye boma lote hilo anayetia tangawizi kwenye chai hadi macho ya wageni yatoe machozi ni mtu mmoja, na sijamsahau, maana ndiye aliyenikaribisha nilipoolewa.

Ni wewe uliyelifua, mulamwa. Ulilimwagia chai, ukaogopa, ukalificha kwenye beseni.

Chai haijanikasirisha. Chai ni chai. Kilichoniuma ni kwamba Mzee Mabonga alisema damu, na wewe ukijua unachojua ukamwacha aseme. Ukachukua kalamu na kuniita mimi nikajibu kifo cha mume wangu. Nimelia kwa hilo, na siandiki ili unionee huruma, naandika ili ujue.

Shitanda amekuletea chupa mbili za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile isiyo na rangi. Usitie jiki. Jiki haichagui, itakula wekundu na bluu na kila kitu alichowahi kuvaa. Usiongeze chumvi. Chumvi na magadi vinasaidia rangi kuingia kwenye kitambaa siku ya kupikwa, na baada ya hapo havifungi chochote. Hilo la siki ni uongo tuliorithi.

Kuna njia ya kulisafisha hata baada ya pasi. Lakini sikuandikii mpaka unijibu kwa ukweli.

Nanzala


Chepsaita,
Jumanne, 15 Julai 2025

Nanzala,

Ni mimi.

Nimeandika na kuchana karatasi nne, kwa hivyo hii itatoka kama ilivyo. Jumamosi ile ulipoondoka, watu nao wakaenda, nikabaki naangalia kile kiti. Nikalichukua blanketi nikasema naliweka ndani lisipate vumbi. Halafu baridi ya huku mwezi wa saba unaijua. Nikajifunika. Nikalala nalo usiku ule, na Jumapili tena. Kuna kipande cha sweta ile ya kijivu aliyokuwa akivaa akija kukamua ng'ombe wa mama. Nilikiweka shavuni. Mimi mwanamke wa miaka sitini na mbili.

Jumatatu asubuhi nikakaa nalo nikinywa chai, kikombe kikaniponyoka. Nikafikiri, Nanzala akijua nimelala na blanketi lake na kulimwagia chai, baada ya yote niliyosema kwenye mazishi, atanicheka mpaka Langas yote isikie. Nikaliweka kwenye maji. Jioni nilipolitoa nikaona wekundu, nikatia chumvi na siki. Mzee Mabonga akaingia nikilianika. Akasema damu. Nami nikaona ni rahisi iwe damu kuliko iwe mimi.

Na kuna jingine. Hizo siku kumi na moja unazotaja, mimi sikuja hata moja. Kutoka Chepsaita hadi Eldoret ni mwendo mdogo sana. Nilisema mvua, nikasema mahindi, nikasema nitakuja kesho. Nilikuwa naogopa kumwona. Alipokufa nilitafuta mtu wa kulaumu ambaye si mimi, na wewe ulikuwa karibu. Nilikukosea, Nanzala. Nilikukosea mazishini na nimekukosea tena wiki iliyopita.

Nimenusa lile doa. Ni tangawizi.

Mzee Mabonga ameshanunua mafuta. Nifanye nini? Niandikie hatua kwa hatua kama mtu asiyejua kufua, kwa maana inaonekana sijui. Tangi limejaa, mvua haijakosa.

Brigid


Langas,
Jumatano, 16 Julai 2025

Dada Brigid,

Nimesoma. Nimekusamehe lile la blanketi. Lile la kumwacha Mzee aseme, nipe muda.

Sasa sikiliza. Lusweti alikuwa akisema rangi ambayo haikushika ni mpangaji aliyefukuzwa, inazunguka ikitafuta pa kulala. Ukiipa maji kidogo, italala kwa jirani. Ukiipa maji mengi, ya moto, yenye sabuni, itabaki humo humo majini uimwage.

Beseni lisahau. Chukua lile pipa lililokatwa ubavuni wanamonyweshea ng'ombe, ulisugue mpaka ujione. Pasha maji kwenye zile sufuria kubwa za kina mama wa kanisa. Yawe moto kiasi kwamba mkono unaingia lakini hautaki kukaa. Tia kikombe kizima cha sabuni. Litandaze blanketi liogelee, lisikunjike popote, na kipande kisitokeze juu ya maji hata kidogo. Liache kwa muda wa saa kumi na mbili. Usilisugue, usilikamue, na usitoke ukaenda kwenye mkutano wowote ukaliacha lipoe nusu nje. Maji yakiwa mekundu, mwaga, weka mengine ya moto na sabuni, anza tena. Huenda ikawa mara tatu, huenda mara tano. Utajua umemaliza ukichota kwenye glasi nyeupe na kuona maji tu. Ndipo ulisuuze, ulitandaze kwenye nyasi, kivulini.

Maji ya kwanza usiyamwage yote. Weka ndoo moja. Wazee wanapenda ushahidi, wapewe.

Sasa na mimi nina langu, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Nilijua kile kitambaa chekundu kitatoa rangi. Kila kitambaa kingine nilikipima kabla ya kushona, kama alivyonifundisha: unalowesha kitambaa cheupe, unasugua, ukiona kimechafuka unakifua hicho peke yake hadi kiache. Chekundu sikukipima. Hicho alikipika mwenyewe, mwaka tuliooana, kwenye sufuria yetu ya ugali, kwa unga wa rangi kidogo aliopewa kazini. Makaa yakaisha katikati. Kikapikwa nusu, hakikushika, na miaka yote nilikiweka kwenye sanduku bila kukiosha. Nilijua kwamba nikikiosha, maji yataondoka na kitu alichokitia kwa mkono wake. Kwa hivyo nikakishona hivyo hivyo katikati na nikajiambia hakuna atakayelifua. Kosa hilo ni langu, fundi mzima. Ungeambiwa, usingelitia majini.

Kwa hivyo lioshe, Brigid. Maji yaende nacho kinachotaka kwenda.

Jumamosi siji, na si kwa sababu ya woga. Nikija nitakuwa nimekubali kwamba rangi ina kesi na mimi ndiye mshtakiwa. Mimi si mshtakiwa, ni mke wa Lusweti, na sihitaji Mzee Mabonga anitie wala anitoe. Hilo unaweza kulisoma kwa sauti, hata mara mbili.

Nanzala


Chepsaita,
Jumapili, 20 Julai 2025

Nanzala mulamwa wangu,

Nimerudi kutoka kanisani sasa hivi, na sijavua hata viatu.

Nilianza Alhamisi. Ng'ombe walikasirika, nikawapa maji kwenye ndoo. Maji ya kwanza yalitoka mekundu mpaka nikarudi nyuma hatua, ingawa nilijua. Ya pili yakawa ya waridi. Ya tatu yakakaa kama maji ya kuoshea maharagwe. Nililala kwenye jiko la nje nikichochea moto, na Khisa akanikuta huko akauliza, "Dada, unapika nini siku mbili?" Nikamwambia, "Ndugu yako." Alidhani nimepata kichaa, lakini akaleta kuni.

Jumamosi saa nne wakaja, wazee sita, Mzee Mabonga mbele na jerikeni yake. Mimi nilikuwa nimelitandaza blanketi kwenye nyasi, kivulini mwa ua, na ndoo yako ya ushahidi iko kando.

Akasema, "Brigid, lete hiyo kitu tuchome tumalize. Na huyo mwanamke ako wapi?"

Nikasema, "Haji. Ngoja kwanza Mzee. Nipe hiyo hanchifu yako."

Unaijua, ile nyeupe anayofutia ugoro. Akanipa, akidhani nataka kulia. Nikaitumbukiza kwenye ndoo mbele ya watu wote, nikaikamua, nikaiinua juu. Ilikuwa ya waridi kama keki.

Nikamuuliza, "Sasa Mzee, hanchifu yako inalaumu nani?"

Aliyecheka kwanza ni Khisa. Alicheka hadi akashika mti. Halafu wale wazee wawili wa nyuma. Mzee Mabonga akasema wanawake wa siku hizi wamekuwa mawakili. Nikaona kicheko kitatuponyoka hivyo hivyo bila ukweli kusemwa, nikasimama nikasema yote. Nikasema chai ni yangu, beseni ni langu, na neno damu nililiacha lipite nikijua ni uongo. Nikasema Lusweti aliuguzwa na mkewe siku kumi na moja na dada yake hakufika hata siku moja. Nikasema anayetaka kuchoma kitu aanze na mimi. Sijawahi kusema kwa sauti kubwa hivyo kwenye boma lile tangu nizaliwe, na nilijisikia vizuri, Nanzala, sitakudanganya.

Mzee akachukua jerikeni yake akaenda. Hanchifu ameiacha. Leo kanisani hakunisalimia, na nitakula chakula changu vizuri tu.

Wale wengine walipoondoka Khisa akapiga magoti kando ya blanketi. Hujaniambia kwamba mfuko wa ile dasikoti uliuacha mzima. Aliingiza mkono humo, pale ulipokuwa ukikaa wa Lusweti, akaukalisha. Akaniambia, "Mimi hii ndio nilikuwa nataka. Hata si koti." Nikamwachia mpaka jua likaja pale tulipokuwa, kisha nikamwondoa ili nilihamishe kivulini.

Kwenye shati jeupe pamebaki waridi kidogo, pembeni, mtu asiyejua hataona. Nimeloweka mara nne. Basi nimeacha. Mama mmoja wa kanisa amenishauri tukifumue kile chekundu tushone kingine kilichoshika vizuri. Nimemwambia aende akafumue cha kwake.

Sasa jambo langu la mwisho, na hili nimeliandika kwa mkono wangu na kulitia sahihi mbele ya Khisa, ili mtu asije akasema ulinilaghai. Siku nikifa, nguo zangu zisigawiwe. Wasizipange kwenye mkeka, wasichague. Zikusanywe zote uletewe wewe, nawe uchukue mkasi. Lakini lile gauni langu la kijani, la kuendea harusi, lioshe kwanza peke yake, kwa maji mengi. Linatoa rangi vibaya sana.

Dada yako,
Brigid